Mtoto kufungika choo: wazazi wafanye nini mbele ya kushika lavema?

Katika makomini ya Kisangani, kutoka Mangobo mpaka Lubunga, mtoto akipitisha siku mbili tatu bila kwenda choo, wazazi wengi wanakimbilia mpira wa lavema, mara zingine na majani makali ao pilipili ndani. Ni hatari. Pilipili inaunguza utumbo, na mpira unaweza kumjeruhi ao hata kumtoboa mtoto.

Kufungika ni nini?
Ni choo kigumu chenye kuumiza, ao mtoto kwenda choo chini ya mara 3 kwa juma. Mtoto mchanga wa ziwa tu anaweza kukaa siku kadhaa bila choo. Kama kinatoka laini, ananyonya vizuri na tumbo halikuvimba, si ugonjwa.

Inatoka wapi?
Maji kidogo, fufu, shikwange ao lituma kila siku bila mboga wala matunda, dawa fulani, kama vile siro ya kuongeza damu. Wanafunzi wengine wanajizuia juu choo cha masomo ni kichafu. Kinyesi kikikawia tumboni, utumbo unakifyonza maji, kinakauka. Mtoto anaumia, anaogopa, anajizuia tena.

Nyumbani
- Chini ya miezi 6: maziwa ya mama tu. Hapana maji, hapana chai ya majani.
- Kuanzia miezi 6: maji yaliyochemshwa, papai lililoiva, embe, avoka, sombe, matembele, maharagi.
- Mkubwa kidogo: akae chooni dakika 5 mpaka 10 kisha kula, miguu imekanyaga chini ao juu ya tofali. Msimpige wala kumtukana.
- Asali hapana kwa mtoto chini ya mwaka 1. Dawa ya kulainisha choo itolewe na muganga.

Mpeleke mbio kituo cha afya
- mtoto mchanga hakupata choo katika saa 48 kisha kuzaliwa;
- tumbo limevimba na kuwa gumu;
- anatapika, zaidi matapishi ya kijani;
- damu katika choo, homa, ao anakataa kunyonya.

Hapo lavema isiguswe kabisa. Utumbo unaweza kuwa umejifunga, ao homa ya tumbo imeudhoofisha, na mtoto anahitaji lopitali yenye kupasua. Kwa watu wa Lubunga, wenye kuvuka mto, msingoje usiku uingie.