Bwana Cajal na Ubongo wa Inzi

Inzi akitua juu ya mkate wetu, twamfukuza kwa mkono pasipo kufikiri. Lakini mkono haujafika, naye amekwisha kuruka. Ameuona namna gani? Mtu mmoja wa Hispania, mwenye sifa duniani pote, hakuona haya kuchunguza jambo hilo katika uzee wake.

Jina lake Santiago Ramón y Cajal. Alizaliwa mwaka 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón. Utotoni alipenda kuchora kuliko kitu chote, lakini baba yake, aliyekuwa mganga, hakutaka mtoto mchoraji. Akampeleka kujifunza kazi kwa kinyozi, kisha kwa fundi wa viatu. Mwishoni akamfundisha mwenyewe mifupa ya watu, na hapo mkono wa mchoraji ukapata kazi yake. Mwaka 1874 kijana alipelekwa Cuba kuwa mganga wa askari. Malaria ikamshika, akarudi kwao amekonda.

Siku zile watu wa elimu walibishana sana juu ya ubongo. Camillo Golgi, Mwitalia, alikuwa amevumbua mwaka 1873 dawa yenye fedha ndani yake. Dawa hiyo hupaka weusi seli chache tu, yaani vile vyumba vidogo vinavyojenga mwili. Nyingine hubaki pasipo rangi. Basi ile iliyopakwa huonekana nzima, pamoja na matawi yake. Golgi alisema kwamba ubongo ni wavu mmoja. Cajal alitumia dawa ileile, na tangu mwaka 1888 akajibu: La, kila seli ni peke yake, hukaribiana na jirani yake pasipo kuungana. Mwaka 1906 walipewa tuzo ya Nobel pamoja, na hata kule Stockholm Golgi aliutetea wavu wake.

Baada ya heshima hiyo Cajal angeweza kustarehe. Yeye akashuka kwa vidudu. Mwaka 1909 alitoa maandishi juu ya jicho la inzi, na mwaka 1915, pamoja na Domingo Sánchez, mtaalamu wa wanyama, kazi kubwa juu ya ubongo wa vidudu. Walifuata uzi kwa uzi kutoka jichoni hata ndani: kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na katikati yake nyuzi zinapishana kama njia panda.

Wengi walidhani ubongo wa kidudu ni kitu rahisi. Cajal alikuta kinyume. Alisema kwa mfano kwamba jicho la wanyama wenye uti wa mgongo, likiwekwa kando ya lile la kidudu, ni kama saa kubwa ya ukutani mbele ya saa bora ya mfukoni.

Alikufa Madrid mwaka 1934. Miaka ya 1950 mikroskopi ya elektroni ilionyesha waziwazi nafasi iliyo kati ya seli na seli. Mwaka 2024 wataalamu walitoa ramani nzima ya ubongo wa inzi mdogo wa matunda. Ubongo ule, mdogo kuliko punje ya ulezi, ulikatwa vipande zaidi ya 7,000. Wakahesabu seli 139,255, na fasi za kupashana habari zaidi ya milioni 50.

Basi mtoto wa shule akituuliza sababu gani inzi hashikwi, tusimcheke. Mwenye tuzo ya Nobel hakuliona swali hilo kuwa dogo.