Mfuko wa Sokoni Kirua Vunjo: Kutoka Ngata hadi Marufuku ya Rambo

Kirua Vunjo ni sehemu ya Moshi Vijijini, mkoani Kilimanjaro, katika miteremko ya kusini ya Mlima Kilimanjaro. Leo imegawanyika katika kata za Kirua Vunjo Mashariki, Magharibi na Kusini. Upande wa juu watu huishi vihambani: nyumba imezungukwa na migomba, chini yake kuna kahawa, magimbi na maharage, na kando lipo zizi la ng'ombe wanaolishwa palepale. Kihamba cha zamani hakikuwa na jalala. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa ng'ombe, samadi ikaenda kwenye mashina ya migomba, na kilichofagiliwa uani kilimwagwa shambani kikaoza. Vyombo vya kubebea bidhaa navyo vilifuata njia hiyo, hadi kilipoingia kile kisichooza.

Masoko ya Uchagga, yaani nchi ya Wachagga ambayo Kirua ni sehemu yake, yalikuwa mikononi mwa wanawake tangu kabla ya ukoloni. Siku za gulio zilipishana, hivyo mama wa kijiji kimoja aliweza kuuza na kwingine. Ndizi, maharage na magimbi vilibadilishwa kwa magadi, na kwa vyungu vilivyofinyangwa Upare. Mkungu wa ndizi haukuhitaji mfuko. Ulibebwa kichwani juu ya ngata. Ngata yenyewe ilitengenezwa papo hapo: majani makavu yalichanwa kwenye mgomba, yakazungushwa mkononi mpaka yakawa duara, kisha ncha zikachomekwa ndani. Mzigo ukishatuliwa na kuuzwa, ngata ilitupwa chini ya mgomba wowote. Vitu vidogo vilifungwa kwa jani bichi lililopitishwa juu ya moto ili lilainike lisipasuke, na kamba yake ilitoka kwenye ganda la mgomba huohuo.

Kahawa ilileta gunia. Wamisionari Wakatoliki wa Kilema, jirani na Kirua, walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuipanda mlimani mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima Waafrika waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kahawa ikawa inapelekwa kwenye vyama vya msingi ikiwa ndani ya magunia. Katani, iliyoletwa nchini na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ilikuwa zao kubwa la nchi tambarare, na mjini Moshi kulikuwa na Kiwanda cha Magunia. Gunia kuukuu lilianikiwa maharage, likawekwa mlangoni la kufutia miguu, na mwisho wake likaozea kihambani. Dukani sukari ilitiwa kwenye karatasi ya kaki, buchani nyama ilifungwa kwa gazeti, na aliyekwenda sokoni alitoka nyumbani na kapu lake la ukindu.

Mfuko mwepesi wa plastiki wenye vishikio ulibuniwa Sweden na Sten Gustaf Thulin wa kampuni ya Celloplast, na hataza yake ikatolewa mwaka 1965. Nchini Tanzania ulienea baada ya masharti ya biashara kulegezwa katikati ya miaka ya 1980. Watu waliuita rambo, jina la shujaa wa filamu za Sylvester Stallone. Ulikuwa mwepesi, haukupitisha maji, na muuzaji aliutoa bure. Kapu likabaki nyumbani.

Madhara yake yalionekana mapema milimani, kwa sababu uchafu uliendelea kumwagwa shambani kama zamani. Rambo lililochanganyika na samadi lilifukiwa kwenye shina la mgomba, na jembe lililifukua msimu baada ya msimu likiwa bado zima. Udongo uliofunikwa na plastiki haunywi maji vizuri, na mizizi hukwama. Ng'ombe wa zizini humeza mfuko wenye chumvichumvi au mabaki ya chakula. Plastiki haisagiki tumboni, hukusanyika na kuziba njia ya chakula, na mnyama hudhoofika hata kufa. Mifongo, yaani mifereji ya asili inayoleta maji ya mlima vihambani, huziba pale mifuko inaponasa kwenye kona na maingilio, na maji hufurika kwa jirani. Kinachopita huendelea na mito hadi Ruvu, bwawa la Nyumba ya Mungu, Mto Pangani na hatimaye Bahari ya Hindi. Wanaochoma mifuko hubadilisha taka tu kuwa moshi wenye sumu.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda ikaweka sheria mwaka 2008, na Kenya ikafuata Agosti 2017. Kwa Tanzania Bara, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza bungeni Aprili 2019 kwamba mwisho wa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ungekuwa Mei 31. Marufuku ilianza Juni 1, 2019, chini ya kanuni zilizotokana na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Anayekutwa akitumia mfuko huo hutozwa faini ya shilingi 30,000 hadi 200,000 au hufungwa hadi siku 7. Kwa mtengenezaji na mwingizaji faini hufika shilingi bilioni 1.

Rambo lilitoweka sokoni kwa haraka. Nafasi yake ilichukuliwa na mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, ambayo hutumika mara nyingi zaidi, pamoja na mifuko ya karatasi na vikapu. Lakini mifuko mbadala mingi imetengenezwa kwa polipropilini, ambayo nayo ni aina ya plastiki. Ikichakaa hukatikakatika kuwa nyuzi, na nyuzi hizo haziozi. Kwa hiyo marufuku imepunguza mifuko inayotupwa, lakini haijarudisha desturi ya zamani. Kati ya vyombo vyote vilivyopita katika masoko ya Vunjo, vilivyorudi udongoni ni ngata, jani la mgomba, kapu la ukindu, karatasi na gunia la katani.