Nyumba ya Shamba na Mabanda Yake: Kumbukumbu ya Kizimbani

Mwezi Januari 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf, Mjerumani wa Württemberg aliyelelewa katika mapokeo ya Kilutheri na kutumwa na chama cha CMS cha Uingereza, alifika Unguja. Sayyid Said bin Sultan alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa wakuu wa pwani. Hivyo Injili katika Afrika Mashariki ilipitia mlango wa kisiwa hiki. Lakini utajiri wa mtawala yule ulitegemea pia mashamba, na anayetaka kuyaelewa mashamba hayo hana budi kufika Kizimbani.

Kizimbani iko kaskazini-mashariki ya Mji Mkongwe, bara ya Bububu. Hapo, mwanzoni mwa karne ya 19, Mwarabu aitwaye Saleh bin Haramil alipanda mikarafuu iliyokuwa miongoni mwa ya kwanza Unguja, kwa mbegu kutoka kisiwa cha Bourbon, ambacho leo huitwa Réunion. Baadaye shamba liliingia mikononi mwa Sayyid Said.

Nyumba ya bwana shamba ilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikamanishwa kwa chokaa na udongo. Dari lilibebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti haziwezi kuvuka nafasi pana, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Mbele palikuwa na baraza ya kupokelea wageni. Kizimbani palijengwa pia hamamu ya mtindo wa Kiajemi, ambayo ingali ikionekana. Hamamu ya jirani, ile ya Kidichi iliyojengwa mwaka 1850, imepambwa kwa nakshi za lipu. Kuta za hamamu ya Kizimbani hazina pambo.

Nyumba hiyo isingesimama bila majengo madogo yaliyoizunguka. Palihitajika kisima, jiko la nje, ghala, na uwanja wa kuanikia. Karafuu zilizochumwa zilitenganishwa na vikonyo vyake kwa mkono, zikaanikwa juani kwa siku kadhaa mpaka zikawa za rangi ya hudhurungi, na mvua ilipotishia zilikusanywa upesi. Mbali kidogo palikuwa na vibanda vya watumwa: fito zilizofungwa kwa kamba, kuta za udongo, paa la makuti. Kwa desturi watumwa walipewa Alhamisi na Ijumaa kulima vikonde vyao vya muhogo; siku zilizobaki zilikuwa za bwana.

Binti wa Sayyid Said, Sayyida Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka ule ule wa 1844, alikaa Kizimbani kwa muda katika ujana wake. Mwaka 1867 alibatizwa Aden, akaolewa na Mjerumani, akaishi Hamburg. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake, na jina la Kizimbani likasomwa Ulaya. Waliochuma karafuu za shamba hilo hawakuachiwa kalamu.

Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja. Mwaka 1873 soko la watumwa lilifungwa, na mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria. Hata hivyo, wengi waliopata uhuru walibaki mashambani mwa wengine. Waliruhusiwa kupanda muhogo, wala si miti ya kudumu, kwa kuwa mti wa kudumu ulikuwa dalili ya umiliki. Mbweni, ambako Waanglikana wa UMCA walinunua shamba mwaka 1871, watu waliookolewa kutoka majahazini walipewa makao na viwanja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ilitaifisha ardhi na kuwagawia wananchi eka tatu tatu. Kizimbani yenyewe imekuwa mahali pa utafiti na mafunzo ya kilimo.

Leo mgeni huonyeshwa hamamu, kwa maana jiwe limedumu. Vibanda vya udongo vimerudi udongoni, na hakuna anayeonyeshwa mahali viliposimama. Usharika unaotimiza miaka 100 na ujifunze hapo. Majengo yana kumbukumbu, lakini hukumbuka zaidi wale waliokuwa na uwezo wa kununua chokaa. Ni wajibu wa Kanisa kuandika pia habari za waliobeba mawe, waliochota maji na waliolala chini ya makuti, kwa kuwa majina yao hayakupotea mbele za Mungu.