Baleti ya Krismasi inapovaa raba: 'The Nutcracker' na densi za mtaani

KILA Desemba, kumbi nyingi za Ulaya na Marekani huonyesha kazi moja: baleti ya The Nutcracker. Jina hilo ni la kibanio cha kuvunjia njugu zenye ganda gumu, ambacho katika hadithi kimechongwa kwa umbo la askari. Msichana hupewa kibanio hicho mkesha wa Krismasi. Usiku wa manane askari huyo wa mbao hupata uhai, hupigana na mfalme wa panya, kisha hugeuka mwana wa mfalme na kumpeleka msichana katika nchi ya peremende.

Hadithi yenyewe iliandikwa na Mjerumani E.T.A. Hoffmann mwaka wa 1816, naye Mfaransa Alexandre Dumas akaisimulia upya mwaka wa 1844. Muziki ulitungwa na Mrusi Pyotr Tchaikovsky. Onyesho la kwanza lilifanyika jijini St Petersburg mnamo Desemba 1892, na wahakiki wengi hawakulifurahia. Umaarufu ulikuja baadaye, hasa baada ya George Balanchine kuiandaa New York mwaka wa 1954.

Kuigeuza kazi hiyo si jambo geni. Duke Ellington na Billy Strayhorn waliupigia muziki wake mtindo wa jazi mwaka wa 1960. Donald Byrd aliihamishia Harlem mwaka wa 1996. Toleo linalovutia vijana zaidi, The Hip Hop Nutcracker, lilianza New York mwaka wa 2013 chini ya mwelekezi Jennifer Weber. Kundi la wachezaji wapatao 12 hucheza wakiwa na DJ na mpiga fidla ya umeme, na badala ya kwenda nchi ya peremende, msichana hurudi katika klabu ya miaka ya 1980 ambako wazazi wake walikutana. Mwaka wa 2022, filamu yake ilionyeshwa na Disney.

Hapa Kenya, shule ya Dance Centre Kenya ya Nairobi imeandaa baleti hiyo kwa mtindo wake wa asili. Desemba 2016, Joel Kioko, kijana aliyelelewa mtaa wa mabanda wa Kuwinda, alirudi kutoka masomoni Marekani akacheza peke yake katika onyesho hilo. Huko Kibera, Mike Wamaya amewafunza watoto baleti katika madarasa ya kawaida, na mwaka wa 2017 alikuwa miongoni mwa walimu 10 waliofika fainali ya tuzo ya mwalimu bora duniani.

Kitengela iko takriban kilomita 30 kutoka Ukumbi wa Kitaifa wa Maonyesho jijini Nairobi, na sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 154,436 mjini humo. Kwa kijana wa huko, kizuizi cha kwanza cha baleti ni sakafu. Kuruka na kusimama kwa ncha za vidole kwahitaji mbao zinazonepa kidogo. Saruji huumiza magoti na vifundo. Viatu vyake navyo ni ghali na huchakaa upesi. Densi za mtaani zilizaliwa juu ya lami na saruji, na raba moja yatosha mazoezi ya miezi mingi. Hapo ndipo toleo la mtaani lina maana zaidi ya burudani, kwa kuwa huwafungulia mlango wale ambao ada na vifaa vimewaacha nje.

Ugumu upo kwenye muziki. Wachezaji wa hip-hop huhesabu hadi nane, kwa mapigo ya nne nne. Maachi ya sehemu ya kwanza yaingia humo bila shida, na ngoma ya Kirusi, ambayo huchukua takriban dakika moja na kuzidi kasi kuelekea mwisho, ni kama iliandikiwa wanaozunguka sakafuni kwa mgongo. Lakini Waltz ya Maua huenda kwa mapigo matatu. Mwelekezi ama humwachia DJ aukate muziki, ama huwafunza wachezaji kupita juu ya mapigo. Njia ya pili ni ngumu, nayo ndiyo yenye tija.

Sehemu ya pili yataka uangalifu wa namna nyingine. Humo mna ngoma za chokoleti, kahawa na chai, zikiwakilisha Uhispania, Uarabuni na Uchina. Katika miaka ya karibuni makundi kadhaa ya Marekani yameirekebisha ngoma ya chai kwa sababu iliwakejeli Wachina. Kahawa na chai, kwa bahati, ni mazao yetu. Mwelekezi wa Kajiado hana haja ya kuazima Uarabuni. Hata hivyo, kuingiza miruko ya morani wa Kimaasai kama pambo tu kutakuwa kurudia kosa lilelile. Miruko hiyo ina mahali pake katika sherehe kama eunoto, ambayo mwaka wa 2018 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Wenye mila hiyo sharti washirikishwe tangu mazoezi ya kwanza.

Kuhusu haki, Tchaikovsky alifariki mwaka wa 1893, hivyo tungo zake hazilipiwi. Rekodi ni jambo jingine: okestra iliyorekodi muziki huo karibuni ina haki zake, na kundi litakaloipiga hadharani au kuikata kwa mashine ya DJ litahitaji kibali.