Mgongo na Walimu Wake Watatu

Mtu aliyeumwa kiuno kwa zaidi ya miezi mitatu, akienda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, aghalabu hurudi nyumbani na karatasi yenye michoro ya mazoezi. Mchoro mmoja unamwambia alale chali akunje magoti hadi kifuani. Wa pili unamtaka alale kifudifudi, akiinue kifua kwa mikono huku kiuno kikibaki chini. Wa tatu wasema akaze tumbo taratibu bila kukisogeza kiungo chochote. Ukiitazama pamoja utadhani imetoka kwa mwalimu mmoja. Kumbe walimu wake ni mbalimbali, na baadhi yao hawakupatana hata kidogo.

Wa kwanza ni Paul Williams, daktari mpasuaji wa mifupa huko Dallas, Texas, aliyechapisha mafunzo yake mwaka 1937. Miaka mitatu kabla yake, Mixter na Barr wa Boston walikuwa wameonyesha jinsi diski, yaani vile visahani vya gegedu vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo, vinavyoweza kupasuka na kubana mshipa wa fahamu uendao mguuni. Williams akasema kwamba balaa lilianza pale binadamu aliposimama kwa miguu miwili: kiuno kilibonyea kwa ndani, na uzito ukaangukia ukingo wa nyuma wa diski. Kwa hiyo dawa ni kuuondoa mbonyeo huo. Mgonjwa akunje magoti, akaze matako, ainuke kwa nguvu za tumbo. Mazoezi hayo yalitawala kwa miongo kadhaa, mpaka katika miaka ya 1960 Alf Nachemson wa Sweden alipochoma sindano za kupimia shinikizo ndani ya diski za watu walio hai. Akaona kwamba kuketi hushinikiza diski kuliko kusimama, na kule kuinuka kwa nguvu za tumbo huongeza shinikizo sana. Zoezi lililokusudiwa kuipumzisha diski lilikuwa likiikandamiza.

Mwalimu wa pili alipata somo lake kwa bahati. Robin McKenzie alikuwa na chumba cha tiba mjini Wellington, New Zealand. Mwaka 1956 alimwambia mgonjwa mmoja, ambaye katika maandishi yake humwita Bwana Smith, aingie ndani alale kifudifudi kitandani amsubiri. Upande wa kichwani wa kitanda ulikuwa umeachwa juu baada ya mgonjwa aliyetangulia. Bwana Smith, kwa utii wa wagonjwa tunaoujua sote, akalala hivyo hivyo, mgongo umepindwa kwa nyuma, mkao uliodhaniwa siku zile kuwa wa hatari. McKenzie aliporudi baada ya dakika chache alimkuta akisema kwamba hajapata nafuu kama ile kwa wiki tatu: maumivu yalikuwa yameuacha mguu na kurudi katikati ya kiuno. Hapo ndipo ilipozaliwa njia ya McKenzie, ambayo kitabu chake kikuu kilitoka mwaka 1981. Wengi huikumbuka kama njia ya kujinyoosha kwa nyuma tu, nao huidhulumu. Kiini chake ni kumpima mgonjwa kwa mwendo wenyewe: maumivu yanapanda au yanashuka ukirudia hivi? Na mgonjwa afundishwe kujitibu, asimtegemee mtu.

Wa tatu walikuwa wawili, Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia. Mwaka 1996 walitoa matokeo ya kuwapima watu 15 wenye maumivu ya kiuno na 15 wasio nayo. Walipoinua mkono, msuli wa ndani kabisa wa tumbo, uzungukao kiuno kama mshipi, ulichelewa kukaza kwa wale wagonjwa. Ugunduzi ulikuwa halali. Lakini kutoka kwenye watu 30, dunia ikaambiwa kwamba kila mwenye maumivu ana kiuno legelege kinachohitaji kufungwa.

Basi pinda, nyooka, kaza: ni ipi ya kweli? Mwaka 2007 Ferreira na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la Australia lenye watu 240 wenye maumivu sugu, waliogawanywa kwa kura: mazoezi ya kawaida, mazoezi ya kukaza misuli ya ndani, au kunyooshwa pingili kwa mikono. Baada ya wiki nane mazoezi ya kawaida yalikuwa nyuma kidogo. Baada ya miezi sita, na baada ya mwaka, makundi yote yalikuwa karibu sawa. Mwaka 2021 Jill Hayden na wenzake walikusanya majaribio 249. Mazoezi, kwa jumla, yalipunguza maumivu kwa wastani wa alama 15 katika 100 kuliko kutofanya tiba au kupata huduma ya kawaida. Njia ya McKenzie na ile ya Pilates zilitangulia nyingine, lakini si kwa mbali.

Mimi naona kwamba tofauti ya mazoezi haikuwa na madhara makubwa. Kilichodhuru ni zile hadithi zilizoambatana nayo. Kila mwalimu aliacha nyuma yake mwendo wa kuogopwa. Usijinyooshe kwa nyuma, usiiname, usiinue kitu kabla ya kukaza. Mwenye kazi ya mezani anaweza kuishi na katazo la kuinama. Mwanamke mwenye jembe la mpini mfupi na ekari mbili za mahindi afanyeje? Ataacha kulima, au atalima kwa hofu, na hofu hiyo yenyewe huyakaza maumivu.

Mwaka 2024 yakatoka Australia matokeo ya jaribio la watu 701 waliokuwa wamepona karibuni maumivu ya kiuno. Nusu yao walipangiwa kutembea kwa miguu, wakiongezewa kidogo kidogo hadi dakika 30, mara tano kwa wiki, na mtaalamu akawaona mara sita. Waliotembea walikaa siku 208, kwa kipimo cha kati, kabla maumivu hayajarudi. Wenzao siku 112. Hao walikuwa wameshapona kwanza, na wa maumivu ya miaka kumi ana hesabu yake. Ila katika mpango ule hapakuwa na mwendo hata mmoja ulioharamishwa.