Sheria ya Mtu Asiyeandika

Mwishoni mwa Agosti 1783, katika uwanja wa Place des Victoires mjini Paris, mwanafizikia Jacques Charles na mafundi wawili, ndugu Robert, walikuwa wakihangaika na puto la hariri lenye kipenyo cha mita 4 hivi. Gesi ya haidrojeni waliipata kwa kumwagia asidi ya salfuriki chuma chakavu, nusu tani nzima. Ilitoka ikiwa ya moto, ikapita kwenye mabomba ya risasi, puto likavimba. Ilipopoa, puto likanywea. Wakaongeza asidi, likavimba, likanywea tena. Kazi hiyo ikala siku kadhaa.

Tarehe 27 puto likapaa, likaangukia kijiji cha Gonesse, wanakijiji wakalivamia kwa uma na visu wakidhani ni zimwi. Siku ya kwanza ya Desemba Charles alipanda puto jingine mwenyewe pamoja na Nicolas-Louis Robert. Walipotua, Robert akashuka. Puto lililopungukiwa uzito likamfyatua Charles hadi karibu mita 3,000. Akaliona jua likizama mara ya pili jioni ileile, sikio likamuuma vibaya, na hakupanda puto tena maishani.

Lile la kuvimba na kunywea, hata hivyo, hakuliacha. Mnamo mwaka 1787 hivi alipasha moto gesi mbalimbali, akakuta zote zinatanuka kwa kiasi kilekile. Hilo ni jambo la kushangaza kwa yeyote anayejua vyuma. Pasha shaba nyeupe na chuma cha pua kwa joto moja: shaba itarefuka zaidi, na kila kitu kigumu kina hulka yake. Gesi hazina ubaguzi huo. Charles alilijua hili, lakini hakulichapisha.

Miaka 15 baadaye, mwaka 1802, kijana wa miaka 23, Joseph Louis Gay-Lussac, alilishika upya. Waliomtangulia walikuwa wamepata majibu yanayogongana, naye akagundua mchawi wao: matone ya maji yaliyobaki ndani ya vyombo. Yakipata joto hugeuka mvuke, na mvuke huongeza ujazo usiohusika. Akakausha vyombo vyake na gesi zake kwa uangalifu, ndipo hesabu zikakaa sawa. Kutoka nyuzi 0 hadi 100, gesi ya ujazo wa 100 ilifika 137.5. Wapimaji wa baadaye waliishusha hadi 136.6 hivi, yaani sehemu moja ya 273 kwa kila nyuzi.

Ukirudisha hesabu hiyo nyuma, ujazo unaisha kwenye nyuzi 273 chini ya sifuri. Hapo ndipo mwanafizikia William Thomson alipoegemeza wazo la sifuri halisi mwaka 1848. Gesi ya kweli haifiki huko. Hugeuka kimiminika njiani. Inayofika ni gesi kamilifu tu, ambayo makazi yake ni karatasi.

Gay-Lussac angeweza kunyamaza. Badala yake aliandika wazi kwamba Charles alimtangulia, na kwa maoni yangu uungwana huo unazidi hata vipimo vyake. Leo mwanafunzi wa sekondari Kenya au Tanzania huisoma sheria hiyo ya kutanuka kwa gesi kwa jina la Charles. Mwenzake wa Ufaransa huisoma kwa jina la Gay-Lussac.