Bure au huru?

Jamani, neno moja tu la Kiingereza liliwahi kunikosesha nusu ya malipo yangu. Mteja aliuliza nitamwekea programu gani kwenye tarakilishi zake. Nikamjibu, "free software." Kazi ilipokwisha akashangaa: mbona nadai pesa na tulikubaliana ni free?

Mkanganyiko huu ni wa zamani. "Free" na "friend" ni ndugu. Yote mawili yametoka kwenye mzizi wa kale wenye maana ya kupenda. Maana ya kuwa huru ilitangulia, ya kutolipia ikaja baadaye.

Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU. Alikusudia uhuru wa kutumia programu, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Lakini tangazo lenyewe halikulieleza neno hilo vizuri, kama alivyokuja kukiri, na wengi wakasikia bei tu. Mwaka 1998 wengine wakaukwepa utata huo kwa kusema "open source."

Sisi tuna bure na tuna huru, maneno mawili. Siku hizi kwenye mkataba naandika "programu huru", na chini yake bei ya kazi yangu.